Shangazi wa Hesabu: Niache benki nikajitolee ng'ambo?

Barua ya mwezi huu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 34, afisa mikopo katika tawi la benki moja hapa Tanga mjini, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Mshahara haujawahi kuchelewa, barua ya onyo sijawahi kuandikiwa. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, maana kila nikiisoma najiona kama mtu aliyeshiba anayelalamikia wali kukosa nazi.

Mwezi wa tatu tulikwenda Makorora kukamata dhamana. Mama mmoja alikopa milioni moja na laki mbili, akarejesha nusu, akaugua. Dhamana yake ilikuwa friji la kuuzia barafu. Tulipolibeba lilikuwa limejaa barafu za ubuyu, hakuna aliyekumbuka kuzitoa. Vijana wakalipandisha kwenye kirikuu hivyo hivyo, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Njia nzima maji mekundu yanachuruzika nyuma ya gari, watoto wanatukimbiza wakidhani tunagawa. Fomu ya kukamata niliisaini mimi. Tangu siku hiyo nikisikia kirikuu kikipiga gia pale Barabara ya 20, tumbo linanikaza.

Halafu Jumapili moja Raskazone nikakaa meza moja na dada wa Kiingereza. Aliacha kazi ya benki London, akaja kujitolea mwaka mzima kuwafundisha hesabu akina mama wanaolima mwani. Nikajiuliza, kwa nini wao waje na sisi tusiende? Nataka kuacha benki nikajitolee nje ya nchi, kwenye mambo ya maendeleo.

Mizigo yangu ni hii. Mkopo wa mfanyakazi niliochukua kununua kiwanja Pongwe na kuanza msingi: umebaki milioni 11, miaka mitatu. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi bado wananikata. Mama yuko Muheza, ana machungwa kidogo, ana sukari na presha, dawa nanunua mimi. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma. Akiba yangu ni milioni 4 na laki 6. Mama nilipomwambia alisema, "Umepata kazi ya kiyoyozi, unataka kwenda kuwafanyia watu bure?" Sijamjibu mpaka leo.

Mpiga Mhuri, Chumbageni

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Maradhi ya ukaguzi hayaponi. Friji umeliandikia aya nzima. Kujitolea kwenyewe umekuandikia mistari miwili, na nchi hukutaja hata moja. Naona hapa barua mbili zimeingia bahasha moja, ya kuondoka benki na ya kwenda ng'ambo. Zitenganishe. Unaweza kuacha kukamata friji za watu bila kuvuka mpaka wowote: kuna idara ya ukaguzi, kuna hazina, kuna SACCOS zinazolilia mtu wa kufunga hesabu za mwaka. Na unaweza kuvuka mpaka ukakuta friji lingine linakungoja huko. Mimi lilinikuta. Langu lilikuwa mbolea.

Mwaka 2011 nilikuwa mkaguzi wa ndani wa benki, sikwambii ipi, nina miaka 38. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikapanda basi hadi Dar, Mbeya, Kasumulu, nikavuka daraja la mto Songwe, Karonga, halafu kando ya ziwa na kupanda milima mpaka Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Mtoto wa pwani mimi, nilichukua kanga nne na sweta sikuchukua. Mzuzu iko juu, manyunyu yake yanaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Wiki ya kwanza nililala na taulo kichwani.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia hesabu za shirika dogo lililolea vikundi 19 vya akiba vya wakulima. Wamalawi wanaviita banki nkhonde, yaani benki ya barazani. Vinafanana na VICOBA zetu, na asili ni moja: mtindo ule ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mweka hazina hapewi hata mmoja. Nilifika na daftari langu la safu 14, kama tulivyozoea benki. Wao mkutano walikuwa wanaufungua kwa swali: wiki iliyopita mfuko wa jamii tuliufunga na ngapi? Wanajibu wote kwa pamoja, kwa sauti, kama darasa la kwanza. Asiyejua kusoma anajua salio. Daftari langu la safu 14 lilitumika miezi miwili, halafu nikaona mtoto wa katibu analichorea ng'ombe. Alichora vizuri.

Sasa mbolea. Aprili 2012 Rais Bingu wa Mutharika alifariki, Joyce Banda akaapishwa. Kikundi kimoja cha akina mama 22 kikaniita. Wanataka kuvunja sanduku mapema, yaani kugawana akiba kabla ya muda, wanunue mbolea sasa hivi, waiweke ndani mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Nikawakatalia. Nilikuwa na hoja nzuri: fedha ikiwa kwenye mikopo inazaa, mbolea ndani ya nyumba ya udongo inavuta maji, na mali yote usiiweke kapu moja. Nilizungumza nusu saa, mkalimani akatoka jasho. Wakakubali, maana mimi ni mtu wa benki niliyetoka mbali kuja kuwasaidia bure. Utamkatalia vipi mtu kama huyo?

Mwezi Mei serikali ikashusha thamani ya kwacha. Dola iliyokuwa kwacha 167 ikawa 250, na ikaendelea kuteleza, ikapita 300 kabla mwaka haujaisha. Mbolea inatoka nje, inalipiwa kwa dola. Novemba sanduku lilipovunjwa, fedha ambayo Aprili ingenunua mifuko miwili ilinunua mmoja na robo.

Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwa mama aliyeshika ufunguo wa pili. Nilimkuta anachambua usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa, ungo uko mapajani. Hakuniinulia sauti. Alisema, "Wewe mwaka kesho uko kwenu. Mvua itanikuta mimi." Akaendelea kutoa mchanga. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, tunawasema nao wageni huku tunacheka. Siku ile nilisemwa mimi, na hakuna aliyecheka.

Kilichoniuma zaidi nilikielewa baadaye. Akina mama wale hawakubahatisha. Walikuwa wameona foleni za petroli za mwaka mzima, wameona bidhaa zinaadimika madukani, wakajua fedha inaumwa. Mimi nilikuwa natazama asilimia za riba. Kwa hiyo ukiniuliza mtu wa fedha anakwenda kufanya nini kwenye maendeleo, nakujibu kwamba mwaka wa kwanza ni wa kunyamaza. Mwaka wa pili nilianza kuwa na faida, na faida yenyewe haina picha ya kutuma nyumbani: nilipanga stakabadhi za miaka mitatu, nikafunga hesabu ambazo mfadhili alikuwa akizidai, nikagundua dereva mmoja anajaza lita 60 kwenye tangi la lita 45. Mashirika haya wenye moyo wanao wa kutosha. Wanayemkosa ni mtu wa kukaa na taarifa ya benki mpaka saa mbili usiku akaona fedha ilipotokea. Hiyo kazi unaiweza, na itakuchosha kama hiyo uliyo nayo.

Nije kwenye mkopo wako, maana hapa ndipo nilipoumiza mtu ambaye hakuwa Malawi.

Niliondoka na mkopo wa mfanyakazi, kama wewe. Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu, nilikisoma na sikukisikia: ukiacha kazi, riba ya mfanyakazi inakwisha, unahesabiwa kama mteja wa mtaani. Posho yangu ya Mzuzu ilitosha chakula, vocha na kitenge kimoja kwa miezi mitatu. Marejesho nilimwachia kaka yangu na fedha niliyopiga hesabu kwa riba ya zamani. Kaka ni mvuvi wa Sahare. Kila nikipiga simu anasema, "Huku salama, wewe fanya kazi." Niliporudi mwaka 2013 nikaenda kumsalimia ufukweni, nikamkuta anapiga makasia. Mashine ya boti haipo. Aliiuza mwezi wa saba tangu niondoke ili benki isije kwa mama. Hakuniambia kwa sababu, alisema, mimi niko kwenye kazi ya kusaidia maskini.

Sikiliza vizuri hapo mwanangu. Wakati mimi nahesabiwa mtu wa kujitolea, nimepigwa picha na fulana, aliyejitolea alikuwa yeye, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mama yako anaposema "kuwafanyia watu bure" usimdhanie hana huruma. Anauliza nani atalipa. Ndilo swali lililobaki bila jibu kwenye barua yako yote, na mama wa darasa la saba kaliona kabla ya afisa mikopo.

Basi tulipigie hesabu pamoja. Riba yako siijui, nafanya mfano. Milioni 11, miezi 36, riba ya mfanyakazi tuseme asilimia 8 kwa salio linalopungua: rejesho ni kama 345,000 kwa mwezi. Ikipanda hadi 17, linakuwa kama 392,000. Unaona nyongeza ni ndogo, laki nusu tu, ndivyo nilivyosema na mimi. Lakini sasa linatoka mfukoni mwa nani? Akiba yako ya milioni 4.6 inalipa miezi 11 na siku kadhaa, mama hajameza kidonge, mdogo wako hajanunua hata daftari. Mwezi wa 12 ndio utakuwa umeanza kujua majina ya watu huko ulikokwenda. Na soma mkataba wako kwa kidole, mstari kwa mstari: mingine inataka mkopo wote ulipwe siku unayoondoka.

Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Ukiacha kazi makato yanasimama, deni halisimami. Nenda ofisini kwao kabla hujaondoka, mkubaliane utalipaje, upewe karatasi.

NSSF, mfuko wako wa pensheni: miaka 9 ni michango 108. Pensheni inataka angalau 180, kwa hiyo umebakiza miaka sita. Usidanganywe na mtu wa mtaani kwamba utaacha kazi ukachukue chako. Lile fao la kujitoa watu walilolizoea liliondoka na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Unachoweza ni kuendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari, hata kidogo, ili hesabu isilale.

Kiinua mgongo usikiweke kwenye bajeti. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa anayeachishwa na mwajiri, siku saba za mshahara kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Anayeaga mwenyewe hayumo. Notisi kwa mwenye mshahara wa mwezi ni siku 28 au zaidi kama mkataba wako unasema zaidi. Siku za likizo ulizobakiza ni zako, zidai. Na cheti cha utumishi usiondoke bila hicho. Mimi nilikifuata miezi minne baada ya kurudi, aliyenifahamu alikuwa mlinzi peke yake.

Lakini kabla ya hayo yote kuna ombi ambalo sikuwahi kuliomba, na nadhani hata wewe hujaliomba: likizo bila malipo. Sheria hailazimishi benki kukupa. Mabosi wengine wanakupa miezi sita, wengine mwaka, hasa kama umekaa miaka tisa bila doa. Meneja wako anaweza kucheka. Acheke, wewe umwachie barua mezani.

Sasa milango. Unauliza kwa nini wao waje na sisi tusiende. Tunakwenda, ila hatuonekani kwa sababu hatuchomwi na jua tukawa wekundu. Umoja wa Mataifa una programu ya watu wa kujitolea, UNV, tangu mwaka 1970, makao yake Bonn, Ujerumani, na wengi wanaotumwa siku hizi wanatoka nchi kama yetu. Mtaalamu wa kimataifa anaanzia umri wa miaka 27 na awe na uzoefu wa kazi, ambao unao. Wanakupa posho ya kuishi, bima ya afya, nauli na kitu cha kuanzia maisha. Unajisajili kwenye intaneti, hulipi hata senti. VSO ya Uingereza, iliyoanza 1958 kwa kupeleka vijana wa Kiingereza makoloni, leo inachukua wataalamu wa Afrika kuwapeleka Afrika na Asia. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, miezi 12, umri 18 hadi 35. Huo kwako unakaribia kufungwa, kwa hiyo kama unautaka usifute barua mara tatu. Peace Corps unaowasikia, wanaokuja kwetu tangu mwaka 1961 wakati huo Tanganyika, ni wa raia wa Marekani tu.

Usitegemee jibu la haraka. Ukiomba leo inaweza kupita miezi, na hiyo ni heri yako, ndio muda wa kupunguza deni. Na kwenye wasifu wako usiandike "nina shauku ya kusaidia jamii", kila mtu ana shauku. Andika: mikopo mingapi umesimamia, ya jumla ya shilingi ngapi, mingapi ilichelewa na ulifanyaje. Andika Kiswahili kwenye lugha kwa herufi zinazoonekana. Mashariki ya Kongo kuna kazi nyingi ambazo mwenye Kifaransa cha kitabuni anazishindwa na wewe utaanza nazo asubuhi ya kwanza sokoni. Kifaransa nacho jifunze kidogo, cha kuandikia barua pepe.

Yupo atakayekwambia ujitolee hapa hapa nyumbani, Tanga haina maskini? Sikwambii hivyo, nimechoka kuambiwa hivyo. Kwenda mbali kulinifundisha vitu ambavyo Ngamiani haikunifundisha kwa miaka 38, kimojawapo ni kuamkiana kabla ya kufungua faili. Ninachotaka ufanye hapa ni jaribio, na ni la kujijua wewe. Chukua kikundi kimoja cha VICOBA, Mabawa au Duga, usiwaambie unatoka benki gani, waandikie vitabu kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Jumamosi ya tano mvua inanyesha, mwenyekiti kachelewa saa nzima, hesabu haikubali kwa shilingi 2,000 na watu wanatazamana vibaya. Kama saa hiyo bado unataka kujua ile 2,000 iko wapi, nenda zako ng'ambo. Kama unatamani kiyoyozi, umejua kwa nauli ya daladala.

Mama yako mjibu. Usimjibu kwa simu, panda gari Ijumaa uende Muheza. Mpelekee karatasi yenye safu tatu: dawa, ada, rejesho, na jina la mtu atakayelipa kila moja kwa kila mwezi utakaokuwa haupo. Mdogo wako naye awepo, asome mwenyewe panapoandikwa jina lake. Pakiwa na kisanduku kitupu usisafiri. Mimi nililipa mashine ya kaka yangu miaka mitatu baada ya kurudi, kwa mshahara wa SACCOS, na kazi yenyewe niliipata baada ya miezi minane ya kuambiwa nina pengo kwenye wasifu. Mashine ni mpya, nguvu ya farasi 15. Bado akienda baharini anapakia na makasia.

Ukiniuliza kama najuta, sijutii Mzuzu. Krismasi kila mwaka yule mama wa ufunguo wa pili ananitumia ujumbe wa sauti, unaanza na "yewo", asante, halafu anataja bei ya mbolea ya mwaka huo. Haongezi neno.

Jambo la mwisho, hukulisema na mimi nataka kulijua. Lile friji liliuzwa shilingi ngapi, na baada ya kutoa gharama za kirikuu na dalali, deni la yule mama lilipungua kwa kiasi gani? Faili unalo. Lifungue kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi, maana kama kilichobaki ni kidogo, hapo Makorora kuna kazi ya kujitolea ya wiki moja isiyotaka pasipoti.

Kwa kifupi

Mwanangu wa kiume, miaka 20, amepata nafasi ya kujitolea Ujerumani mwaka mmoja kupitia weltwärts. Majirani wananitisha. Ni jambo la kweli? (Mzee wa Pangani)

Ni la kweli, kaka. Ni programu ya serikali ya Ujerumani, ilianza 2008 ikileta vijana wao huku, na tangu 2013 vijana wa kwetu nao wanakwenda kule. Malazi, chakula, bima na fedha ndogo ya mfukoni vimo. Anapitia shirika la hapa lenye mshirika kule. Hakikisha shirika hilo lina ofisi ambayo wewe mwenyewe umeingia ukakaa kwenye kiti. Majirani wakumbushe kwamba mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Marekani, ikafika hai 62, ikapandwa hapo hapo Kikogwe. Mwanao anasafiri kwa ndege, bahati yake ni kubwa kuliko hiyo. Aanze Kijerumani sasa.

Nimetumiwa WhatsApp barua yenye nembo ya Umoja wa Mataifa: kujitolea Canada, mshahara dola 4,000, nitume 380,000 ya viza leo. (Kijana wa Kisosora)

Usitume. Kama ulishatuma, nenda polisi na risiti ya muamala, usione haya. Anayejitolea hupewa posho, halipwi mshahara, na Umoja wa Mataifa hautozi mtu ada ya kuomba kazi.

Mke wangu ni mhasibu, amepata miezi 12 ya kujitolea Msumbiji. Mimi nimekubali, lakini kwenye baraza la kahawa wananiuliza nimeoa au nimeolewa. Tuna mtoto wa miaka sita. (Baba wa Korogwe)

Umeshakubali, wewe umemaliza mtihani mgumu. Barazani endelea kwenda, kunywa kahawa yako, kashata ulipe mwenyewe. Hesabu za nyumba mzipange kama nilivyomwandikia dada wa Chumbageni hapo juu, jina kwenye kila kisanduku. Na mwezi huu aliobakiza, aingie naye jikoni akufundishe kukuna nazi na kupika samaki wa kupaka. Mtoto hawezi kula chipsi mpaka Desemba.